Jinsi ya kuvuta chambo nyuma ya boti upate mputa wa maana, Ziwa Victoria upande wetu wa Uganda

Haya wakubwa, hili swali naulizwa karibu kila wikendi hapa mwaloni. Watu wanatoka Kampala, wanakodi boti Entebbe, wanaweka rodi mbili nyuma, wanazunguka ziwani kutwa nzima, jioni wanarudi wamechomwa na jua na boksi la barafu lina soda tu. Alafu wanasema samaki wameisha. Wamepungua, hilo silikatai kabisa, lakini mara nyingi chambo chao kimeshinda siku nzima kinapita mahali ambapo samaki hayupo. Hili ziwa lina kilomita za mraba 68,800 na sehemu kubwa ya hiyo ni maji tu juu ya tope. Kwa hiyo kabla sijasema lolote kuhusu rodi na rapala, yaani chambo cha samaki wa bandia, nataka uelewe kitu kimoja, kina. Ukijua chambo chako kiko mita ngapi chini na mwamba uko mita ngapi chini, umeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Mputa ninayemsema ndio huyo huyo ndugu zetu Watanzania wanamwita sangara na Wakenya wanamwita mbuta. Na huku kuvuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, watu wa pwani wana neno lao zuri, kurambaza, sisi huku ziwani wengi tunasema tu kuvuta au trolingi. Yote sawa.

Kwa nini usiige video za Amerika

Kuna mgeni mmoja nilimbeba, mzee mstaarabu sana, alikuwa amevua miaka mingi kwenye yale maziwa makubwa ya Amerika kaskazini, Superior, Ontario, anavua trauti wa ziwani. Alikuja na mzigo wake wote, winchi ndogo ya kufunga ubavuni mwa boti, waya, na mpira wa risasi mzito wa kuzamishia chambo mpaka mita 30, 40 huko chini. Siku ya kwanza akaniambia tupeleke chambo mita 45. Nikamwambia mzee, hapa hatufanyi hivyo, lakini akataka ajaribu, tukajaribu asubuhi nzima, hatukuguswa hata mara moja.

Na sio kwamba alikuwa hajui, kwao anajua sana. Trauti wa ziwani anapenda maji ya baridi, kama nyuzi 10 hivi, sasa kiangazi maji ya juu yakipata joto yule samaki anashuka chini kufuata baridi, na kule chini kwenye yale maziwa mazuri hewa ipo ya kutosha, basi wavuvi wanamfuata kwa ile risasi. Huku kwetu maji ya juu ni nyuzi 24 mpaka 27 mwaka mzima na ukishuka chini tofauti ni ndogo, nyuzi moja au mbili, kwa hiyo mputa hana baridi ya kuifuata. Yeye anafuata hewa na chakula.

Na hewa ndio hapo penye shida. Ziwa letu sio refu kwenda chini, wastani ni mita 40 na pale penye kina kabisa ni kama mita 80. Kuanzia kama Septemba hadi Mei maji yanajipanga kwa tabaka, yale ya chini yanakaa bila kuchanganyika na ya juu, mimea na mwani vinazama vinaoza vinakula hewa yote, kule chini panabaki maji mazito ambayo mputa hawezi kukaa. Kuanzia Juni hivi hadi Agosti upepo wa kusini mashariki unavuma kwa nguvu, maji yanapoa kidogo juu, yanazama, ziwa zima linachanganyika, hapo samaki anaweza kutawanyika mpaka chini. Mputa ni samaki asiyevumilia kukosa hewa, na mkubwa ndiye anateseka zaidi kuliko mdogo. Mnakumbuka mwisho wa 2020 na Januari 2021, mputa wakubwa walikuwa wanaelea wamekufa pwani zetu, watu wakasema ni sumu, serikali ikaeleza kwamba ni hewa ilipungua majini. Ndio kitu hicho hicho, dhoruba inakoroga maji mabaya ya chini yanapanda juu.

Kwa hiyo ukivuta chambo mita 45 mwezi wa Februari unavuta mahali ambapo hakuna mtu nyumbani. Mimi samaki wangu karibu wote wananipiga kati ya mita 4 na 12, na yule mzee siku ya pili tulipoacha risasi kwenye boti tukapita mita 6 juu ya mawe alipata watatu kabla ya saa nne, akafurahi mpaka akakaa kimya kabisa anaangalia maji.

Samaki anakaa wapi

Mawe. Ukisahau kila kitu kumbuka mawe. Mputa anakula nkejje, wale samaki wadogo wa mawe, anakula mukene, yaani dagaa wa ziwani, anakula uduvi wadogo, anakula hata watoto wake mwenyewe, na hawa nkejje wa mawe wanakaa palepale kwenye miamba. Sasa mputa anasimama kwenye ukingo, pale mwamba unapoporomoka kutoka mita 4 kwenda mita 10 ghafla, anasubiri. Ncha za visiwa ndio pazuri zaidi, ile ncha inayochomoza majini alafu inaendelea chini ya maji huioni, mahali upepo unapigia, na miamba iliyozama peke yake mbali na kisiwa, hiyo ukiipata moja usimwambie kila mtu. Huku kwetu visiwa havikosekani, Ssese peke yake inahesabiwa visiwa 84, kuna Koome, Damba, Bulago, Ngamba pale walipo sokwe, vyote vina mawe yake.

Maji yamepanda sana tangu 2020, ziwa lilivunja rekodi mwaka ule na mialo mingi ikamezwa, kwa hiyo kuna vitu vilikuwa nchi kavu zamani sasa viko chini ya maji, magogo, miti, kuta za vibanda. Samaki wanapenda ila propela haipendi, nenda polepole karibu na ufukwe usioujua.

Sona, kile kifaa cha kupima kina kwa sauti, ukiwa nayo ni nusu ya utajiri, hata ile ndogo ya bei nafuu, cha maana ikuoneshe kina na ugumu wa chini, tope linaonekana laini na hafifu, mwamba unaonekana mnene mkali. Huna sona? Tumia kamba na jiwe, wazee walifanya hivyo, chora ramani yako kwenye daftari, na muulize kwa heshima mvuvi yeyote wa ndoana, mwambie ssebo naomba unisaidie, mawe yako wapi hapa, utashangaa wanavyojua. Angalia na ndege pia, mnandi wakiwa wanazamia pamoja mahali pamoja au wale ndege weupe wadogo wanadonoa maji, mukene wako juu na kuna mtu chini yao anawasukuma. Lakini ukiona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa usikimbilie, huo sio moto wala samaki, ni sami, wale wadudu wa ziwani, na ukiingia ndani yake utafunga mdomo na macho.

Vifaa, kwa kifupi

Sitaki kukuchosha na rodi. Fupi nene ya mita 2 hivi, yenye nguvu ya kuvuta samaki wa kilo 30, rili ya ngoma ile ya kulala juu ya rodi yenye mlio wa krrr, uzi wa kusuka wa paundi 65 au 80 angalau mita 200, na mbele yake lida ya nailoni nene ya paundi 100, urefu kama mita 2. Kwa nini lida? Mputa hana meno makali kama ya nguru wa baharini, meno yake ni kama msasa, yanasugua, na ule mfuniko wa mashavu una miiba na ukingo unaokata, uzi wa kusuka ukipita hapo unakatika mara moja, na mawe vilevile yanamaliza uzi wa kusuka haraka kuliko nailoni.

Chambo tunatumia samaki wa bandia, huku watu wanaita rapala hata kama sio kampuni hiyo, urefu sentimita 12 mpaka 18, wenye mdomo wa plastiki mbele. Huo mdomo ndio unakizamisha, mdomo mpana mrefu unakwenda chini zaidi, mdomo mdogo unabaki juu. Nunua wale wanaoelea ukiwaacha na kuzama ukiwavuta, utaona sababu yake hapo chini. Rangi watu wanabishana sana, mimi nasema hivi, maji yetu karibu na pwani ni ya kijani ya mwani, huoni zaidi ya mita moja, hapo tumia rangi inayopiga kelele, kijani na machungwa, au mweupe mwenye kichwa chekundu. Ukienda visiwa vya mbali maji ni safi zaidi, weka fedha au rangi ya nkejje wenyewe.

Vitu viwili ndio nitavikazia kwa sababu ndio vinapoteza samaki wakubwa. Cha kwanza ndoana. Rapala nyingi zinakuja na ndoana za pembe tatu nyembamba, za samaki wa nchi baridi wa kilo mbili, mputa wa kilo 20 anazinyoosha kama waya wa umeme. Toa zote, weka nene, na pete zinazoshika ndoana badilisha pia, watu wanabadilisha ndoana wanaacha pete dhaifu, inafunguka palepale. Cha pili breki ya rili. Usiiweke kwa kukisia na kidole. Chukua mizani ya kutundika ile ya wauza nyama, funga uzi kwenye ndoano yake, rodi ishikwe imeinama kama imeshika samaki, mtu avute mizani, rekebisha mpaka rili iachie uzi kwenye kilo 5 hivi. Fanya hivyo kila asubuhi. Breki ngumu sana, samaki akipiga chambo boti ikiwa inatembea ndoana inararua mdomo, breki laini sana ndoana haiingii na samaki anarudi kwenye mawe yake, kwisha habari.

Jinsi ya kujua chambo kiko mita ngapi

Hapa ndipo watu wengi wanaruka na ndio hapa penyewe. Boksi la rapala limeandikwa mita 5, wewe unaamini, lakini ile mita 5 inategemea umeachia uzi kiasi gani, uzi mnene au mwembamba, na boti inakwenda kasi gani. Kwa hiyo pima mwenyewe, siku moja tu, kazi ya saa mbili, utatumia maisha yako yote.

Kwanza weka alama kwenye uzi kila mita 10 kwa peni nyeusi ya wino usiofutika, mita 10 alama moja, 20 mbili, hivyo hivyo. Alafu tafuta mahali chini pana mchanga, sio mawe, penye kina cha mita 5 sawasawa kwa masafa marefu. Endesha boti mwendo wako wa kawaida, achia chambo mita 20, shika rodi mkononi, sikiliza. Ncha ya rodi itakuwa inatetemeka kwa haraka haraka bila kukatika, hiyo ni rapala inaogelea vizuri. Achia zaidi, 25, 30, 35, taratibu. Ikifika mahali ule mtetemo unavurugika, unasikia tok, tok, tok, rodi inapigwa, chambo kimegusa mchanga, basi andika, rapala hii, uzi mita 35, kina mita 5, mwendo huu. Andika juu ya rapala yenyewe au kwenye mkanda ubandike kwenye boksi. Rudia kwenye mita 7. Kuna rapala haitafika 7 hata uachie mita 80, kila chambo kina mwisho wake, ukiongeza uzi zaidi unajiongezea matatizo tu ya kukatiza nyavu za watu.

Ukishajua hivyo, kazi ni rahisi. Unakuja kwenye mwamba ambao juu yake ni mita 6, unaweka chambo cha mita 5. Kinapita nusu mita mpaka mita moja juu ya mawe, mputa anatazama juu, macho yake yanaona vizuri sana kwenye giza na mwanga mdogo, anakiona kinapita juu ya kichwa. Chambo kikipita chini yake hageuki.

Mwendo na kona

Mwendo ni ule wa mtu anayetembea kwa miguu bila haraka, kilomita 4 mpaka 6 kwa saa. Injini ya hosipawa 40 kwenye boti ndogo mara nyingi haiwezi kwenda polepole hivyo hata ukiweka gia tu, hapo tunafunga ndoo mbili kwa kamba nyuma zikokotwe majini, zinapunguza mwendo vizuri, au unatumia injini ndogo ya hosipawa 9.9 pembeni. Usiangalie simu peke yake kwa mwendo, GPS inakuambia kasi ya boti juu ya ardhi, chambo kinajali kasi ndani ya maji. Ukiwa unakwenda na upepo boti inasukumwa, ukirudi dhidi ya upepo inazuiwa, angalia ncha ya rodi, mtetemo ukiwa mzuri mwendo ni mzuri, ukifa chambo kimeshika majani au gugu maji, vuta usafishe, usidanganyike kwamba kitajisafisha.

Usiende mstari ulionyooka. Nenda kama nyoka, pinda kulia taratibu, pinda kushoto taratibu. Faida yake ni kwamba kila unapopinda chambo cha upande wa ndani kinapunguza kasi na kupanda kidogo, cha upande wa nje kinaongeza kasi. Sasa ukigongwa kwenye kona angalia ni rodi ipi. Rodi ya nje ikipigwa mara mbili, tatu, samaki leo anataka mbio, ongeza mwendo kwa ujumla. Ya ndani ikipigwa, punguza. Samaki mwenyewe anakufundisha, huhitaji kumuuliza mtu.

Lakini kuna mtego kwenye kona, na mimi umenigharimu rapala nyingi. Chambo kiko mita 40 nyuma, boti ikipinda chambo hakifuati njia iliyopita boti, kinakata kona ndani. Ukizunguka ncha ya kisiwa kwa karibu wewe uko kwenye mita 8 salama na chambo kiko kinapanda mawe ya mita 3. Kwa hiyo zunguka kwa mbali, pinda kwa upole, na kama unatumia rodi mbili weka moja uzi mita 30 na nyingine mita 45 zisikutane. Nne ni nyingi kwa mtu asiyezoea, zitasokotana na asubuhi yote utakuwa unafungua mafundo.

Chambo kikigonga jiwe usivute! Hapa ndio maana nikasema nunua wanaoelea. Legeza uzi mara moja, peleka rodi nyuma, kile chambo kitajirudisha juu chenyewe. Kikikataa, zungusha boti uvute kutoka upande wa pili, kule ulikotokea, mara nyingi kinatoka. Na usizungushe uzi wa kusuka mkononi kuvuta, tafadhali, nimeona kidole cha kijana mmoja kimekatwa mpaka mfupa, zungusha kwenye kipande cha mti.

Akipiga

Rili inalia krrrr na moyo unaruka, hiyo ni kawaida hata baada ya miaka kumi. Usikate gesi palepale. Hesabu moja, mbili, tatu, boti iendelee, ndoana iingie vizuri, alafu weka gia katikati lakini usizime injini, kwa sababu upepo unaweza kukupeleka kwenye mawe na utaihitaji. Wengine wote kwenye boti kazi yao ni kuvuta nyuzi zao ndani haraka, hapo sio wakati wa kupiga picha.

Mputa kwenye maji mafupi anaruka. Anatoka nje kichwa kizima, mdomo wazi, anatingisha kichwa kwa nguvu na rapala ile nzito inarushwa huku na huku, hapo ndipo anaitema. Ukiona uzi unapanda juu kwa kasi ujue anakuja kuruka, shusha ncha ya rodi chini karibu na maji na usilegeze hata kidogo, uzi ukae umekazika muda wote. Sio lazima uvute kwa mabavu, mkunjo wa rodi unafanya kazi. Akija karibu na boti akaiona atapiga mbio moja ya mwisho kwenda chini, wengi wanampoteza hapo kwa sababu wameshakaza breki wakidhani amechoka, iache breki kwenye ile kilo 5 uliyopima asubuhi.

Kumuingiza tumia wavu mkubwa wa mkono. Usitie mkono karibu na mdomo wenye rapala ya ndoana sita, akitingisha mara moja ndoana moja iko kwake na nyingine iko kwako. Koleo refu liwe mfukoni, sio chini ya kiti.

Wa kula na wa kurudisha

Sheria haitaki mputa chini ya sentimita 50, na mimi nasema hiyo iheshimuni hata kama hakuna anayewatazama. Kuhusu wakubwa, haya ni maoni yangu na nayasema kwa moyo wote, wale wakubwa kabisa karibu wote ni majike, ndio wanabeba mayai ya ziwa, na watu wanawamaliza kwa sababu ya bondo, huku tunaita enuni, ambalo linanunuliwa kwa bei kubwa kupelekwa China. Wewe umekuja kwa furaha, chukua mmoja wa kilo tatu nne wa kula na familia, nyama yake ni tamu zaidi ya huyo mkubwa mwenye mafuta, mkubwa mpige picha arudi.

Ila kurudisha kuna masharti. Samaki aliyetoka mita 5 anarudi salama ukimshika vizuri. Aliyetoka zaidi ya mita 10 mara nyingi bondo lake limejaa hewa, tumbo limevimba, macho yametoka, ukimuachia anaelea tumbo juu na mwewe wanamla. Huyo bora umchukue. Ndio sababu nyingine mimi napenda kuvuta mita 4 mpaka 7. Wa kurudisha usimtoe majini kabisa, mtoe ndoana akiwa ndani ya wavu ubavuni mwa boti, mshike taya la chini kwa glavu, boti iende taratibu sana maji yapite kwenye mashavu mpaka apige mkia mwenyewe. Ukitaka picha dakika nzima nje ya maji ni nyingi mno, shika pumzi yako, ukihisi unahitaji kuvuta hewa na yeye pia anaihitaji.

Watu wanaulizaga anaweza kuwa mkubwa kiasi gani. Rekodi ya dunia ya kuvuliwa kwa rodi ni kilo 104, Ziwa Nasser kule Misri, mwaka 2000. Sisi huku ukipata wa kilo 20 siku hiyo ni ya kuhadithia.

Karatasi, nyavu za watu, na hali ya hewa

Beba leseni yako ya uvuvi na kitambulisho. Mwaka 2017 wanajeshi wa UPDF, jeshi la Uganda, waliingia ziwani kufanya doria kuhusu uvuvi haramu, watu wa doria wakikusimamisha zima injini, salimia, onesha karatasi, mambo yanaisha.

Nyavu na mistari ya ndoana za wenzetu ziko kila mahali karibu na visiwa, alama zake ni jerikeni, chupa za plastiki, vipande vya maboya, wakati mwingine bendera kwenye ufito. Ukiona jerikeni moja tafuta ya pili, wavu uko katikati. Usipite hapo na rapala. Ukishika wavu wa mtu usikate, simamisha boti, rudi nyuma, toa ndoana moja moja hata kama inachukua nusu saa. Wavu ule ni ada ya shule ya watoto wa mtu.

Upepo sasa. Asubuhi kawaida maji yametulia, mchana upepo wa ziwa unaingia, mawimbi yanaanza kuwa mafupi na makali. Lakini dhoruba kubwa upande wetu wa Entebbe na Ssese nyingi zinakuja usiku wa manane mpaka asubuhi, kwa hiyo kabla ya kuondoka saa kumi na moja angalia anga upande wa ziwa, ukiona umeme unawaka huko mbali kaa mwaloni unywe chai mpaka saa mbili, mputa atakuwepo. Ukiwa ziwani tayari na upepo ukabadilika ghafla ukawa wa baridi, vuta nyuzi zote papo hapo na uelekee kisiwa cha karibu, sio nyumbani, kisiwa cha karibu, ukae upande usio na upepo. Na rodi zilaze chini, radi inatafuta kilichosimama.

Laifu jaketi ivaliwe, isikaliwe kama mto. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu kabisa na ufukwe wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30, nchi kavu walikuwa wanaiona. Mimi mtu asiyevaa simuondoi mwaloni, nimerudishia watu hela zao kwa sababu hiyo na nitaendelea kurudisha.

Kwa wanaouliza kuhusu Nile chini ya maporomoko ya Murchison, kule mputa ni mwenyeji wa asili, huku Victoria aliletwa miaka ya 1950 na 60, na wa kule wana nguvu ajabu kwa sababu ya mkondo. Mengi niliyosema yanafaa ila mwendo ubadilishe, ukivuta kupanda mto mkondo wenyewe unakichezesha chambo kwa hiyo boti karibu isimame, ukishuka na mto lazima uende haraka kuliko maji la sivyo rapala inalala tu. Kule ni ndani ya hifadhi, kibali unakipata kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, na usitie mkono wala mguu majini, mamba na kiboko wapo kila kona, hata kumrudisha samaki fanya ukiwa umeinama ndani ya boti na mwenzako anatazama maji nyuma yako.